Anzia Kiti cha Nyuma: Namna ya Kuijaribu Sedani ya Familia Kabla ya Kulipa

Nenda yadi yoyote ya magari Dar es Salaam siku ya Jumamosi, utaona jambo lile lile. Baba kakaa kwenye usukani, anabonyeza kila kitufe. Mama kasimama nje na pochi yake kwapani, watoto wanachungulia dirishani. Muuzaji anaisifia injini. Dakika ishirini baadaye wanaanza kuvutana bei, na watu wanne kati ya watano watakaolipanda gari hilo kwa miaka mingi ijayo hawajaketi ndani yake hata mara moja.

Mimi nilinunua gari la kwanza la familia yangu hivyo hivyo. Nililijaribu peke yangu, kwenye lami safi, buti likiwa tupu. Lilikwenda vizuri. Desemba tukaanza safari ya Moshi, na tulipofika Korogwe mama yangu akaomba tusimame. Hakuwa na njaa. Magoti yalikuwa yamebanwa na kiti cha mbele tangu Chalinze, na alivumilia kimya kwa sababu hakutaka kuniharibia furaha ya gari jipya. Njia nzima iliyobaki nilikuwa namwangalia kwenye kioo. Tangu siku ile siendi kumsaidia mtu kuchagua gari la familia bila kumwambia neno moja: anzia kiti cha nyuma.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Mfano wangu ni Toyota Camry ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japan mwaka 2017, kwa sababu inazidi kuingia kwetu kutoka minada ya huko, na kwa sababu wengi wanaoitazama wanatoka kwenye Premio. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa Mazda Atenza, Subaru Legacy, Honda Accord au sedani nyingine yoyote ya ukubwa wa kati.

Kwanza, lijue gari unaloliendea

Premio tunayoifahamu ina upana wa milimita 1,695. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Sheria za Japan huweka daraja la magari madogo yasiyozidi upana wa mita 1.7 na urefu wa mita 4.7, na Premio ilichongwa iingie humo. Kwa mitaa yetu myembamba hiyo ni baraka. Kwa mabega ya watu wazima watatu waliokaa nyuma, ni mtihani.

Camry ina upana wa milimita 1,840, yaani karibu sentimita 15 zaidi. Urefu wake ni milimita 4,885, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,825. Kipimo hicho cha mwisho ndicho cha kukitazama unapotafuta nafasi ya miguu. Lakini Camry pia imelala chini: kimo chake ni milimita 1,445, wakati Premio ina 1,475. Sentimita 3 ni kitu kidogo kwenye karatasi, si kidogo kwa bibi anayeinama kuingia.

Camry hizi za soko la Japan zote ni haibridi. Zina injini ya petroli ya lita 2.5 pamoja na mota ya umeme, na kwa pamoja zinatoa nguvu za farasi 211. Premio ya 1.5 ina takriban 110. Usizilinganishe namba hizo kwa ushabiki. Tutaona zinakufaa wapi.

Nusu saa ya nyuma

Siku ya kwenda kuliona gari, nenda na watu wako. Mlete yule mrefu kuliko wote na yule mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kama una mtoto mchanga, beba na kiti chake.

Dereva akae mbele, arekebishe kiti chake kama anavyoendesha kila siku. Kisha mrefu wa familia akae nyuma yake. Angalia mambo matatu: magoti yana nafasi gani na kiti cha mbele, vidole vya miguu vinaingia chini ya kiti hicho, na kichwa kimebakiza nafasi gani kufikia dari. Sedani nyingi za sasa zina paa linaloteremka kuelekea nyuma kwa ajili ya umbo, na wanaolipia umbo hilo ni wanaokaa nyuma.

Sasa kaeni watatu. Anayekaa katikati akae dakika kumi kamili, si kugusa na kutoka. Mara nyingi kiti cha katikati huwa kimeinuka na kigumu, na sakafuni kuna mgongo unaomfanya atanue miguu na kuwabana wenzake. Hakikisha mikanda yote mitatu inavutika, inafunga na kuachia. Usikubali mkanda uliofukiwa chini ya kitambaa cha kiti.

Baada ya hapo mwombe mzee wako aingie na kutoka mara mbili bila kusaidiwa. Mtazame anashika wapi. Kama anatafuta mlango wa kuning'inia, au anajivuta kwa kiti cha mbele, gari hilo limeshakujibu. Huenda familia yako inahitaji gari lenye kiti cha juu kidogo, hata kama roho yako imependa sedani. Kubali jibu hilo mapema, kabla hujalilipia.

Kwa mtoto mdogo, pitisha vidole kwenye mpenyo kati ya mgongo wa kiti na kikalio, pembeni kulia na kushoto. Utagusa vyuma viwili vya kila upande. Hizo ndizo nanga za ISOFIX, ambazo kiti cha mtoto hushika moja kwa moja bila kutegemea mkanda. Kama kiti chako ni cha aina hiyo, kifunge pale pale yadini. Ukishindwa kukifunga na muuzaji amesimama hapo, hutakifunga saa kumi na moja alfajiri siku ya safari.

Kiyoyozi nacho kipimwe kutoka nyuma, saa saba mchana, watu wakiwa wamejaa. Camry ina matundu ya upepo kwa abiria wa nyuma. Weka mkono uone kama kweli unatoka, na kama ni wa baridi. Hapa haibridi ina ubora ambao wakazi wa Dar wataupenda. Kompresa yake huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo injini ikijizima kwenye foleni baridi haikatiki. Jaribu: simama dakika kumi bila kusogea, uwaulize wa nyuma kama hewa imebadilika.

Ukiwa bado hapo, tafuta tundu la hewa lililo chini ya kiti cha nyuma. Usilichukulie kama pambo. Betri kubwa ya haibridi imewekwa chini ya kiti hicho, na hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu hilo. Likizibwa na blanketi, mifuko au vumbi la miaka mitano, betri inapata joto na umri wake unapungua. Waambie watoto wasiweke kitu hapo, na umwambie fundi asafishe chujio lake kila mnapofanya sevisi.

Buti na kilicho chini yake

Buti la Camry lina ujazo wa lita 524. Namba hiyo haikuambii chochote mpaka uweke mizigo yako. Nenda na sanduku kubwa kuliko yote la nyumbani na kigari cha mtoto. Angalia upana wa mdomo wa buti kuliko kina chake. Sedani nyingi hubeba vingi zikishapokea, ila mdomo hukataa.

Inua zulia la buti. Magari mengi ya Japan ya miaka ya karibuni huja na kopo la dawa ya kuziba pancha badala ya tairi la akiba. Dawa hiyo inaweza kukusaidia kwenye msumari mjini. Tairi likipasuka kati ya Same na Mwanga usiku, haikusaidii. Kama hakuna tairi, ingiza gharama yake kwenye bei mnayojadili, pamoja na jeki na spana ya magurudumu.

Barabarani, gari likiwa limejaa

Kosa kubwa la majaribio ni kulijaribu gari tupu. Pandeni wote. Kama hamkutimia, weka madumu ya maji kwenye buti: dumu la lita 20 lina kilo 20, kwa hiyo madumu matano yanakupa kilo 100 za uhakika.

Kabla ya kuwasha, gusa boneti. Iwe baridi. Muuzaji aliyewasha gari kabla hujafika huenda ana nia njema, lakini kelele za injini mbovu husikika zaidi ikiwa baridi. Kwenye haibridi, ukibonyeza kitufe huenda usisikie kitu kabisa. Taa ya kuonyesha kwamba gari liko tayari ndiyo alama yako. Zoeza kila dereva wa nyumbani kuitazama taa hiyo, maana mtu anaweza kuacha gari likiwa limewaka akidhani limezimwa.

Tuta. Camry iko takriban sentimita 14 na nusu kutoka ardhini, na ikijaa watu inashuka zaidi. Panda tuta kubwa mnalolijua, lile la mtaani kwenu, polepole na moja kwa moja. Sikiliza tumbo likigusa. Kisha pita kwenye rasta kwa mwendo wa wastani, na umuulize aliye nyuma, si wewe: anarushwa? Anasikia mgongano chini? Mlio wa kugonga kavu mara nyingi ni bushi au shokapu zilizochoka. Mtu atakwambia uliinue gari kwa spesa. Fahamu kwamba kuliinua hubadilisha pembe za magurudumu na za shafti, na ule utulivu uliolipia unaondoka.

Tairi zinachangia starehe kuliko watu wanavyodhani. Soma maandishi ubavuni. Camry ya rimu 16 huvaa 205/65, ya rimu 17 huvaa 215/55, na ya rimu 18 huvaa 235/45. Namba ya pili ni asilimia ya ya kwanza, na hukuambia kimo cha ubavu wa tairi. Ile ya kwanza ina mpira wa milimita 133 kati ya rimu na barabara. Ya mwisho ina 106. Rimu kubwa inapendeza kwenye picha, lakini shimo moja la Morogoro Road wakati wa mvua linaweza kuipinda. Kwa familia, na kwa barabara zetu, mimi huchagua ubavu mnene bila kusita.

Kupita lori. Hapa ndipo nguvu za injini zina maana. Barabara yetu kutoka Chalinze kwenda Segera kwa sehemu kubwa ni njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde, na anayekuja mbele yako naye anakula mita 22 zake. Sekunde 3 unazochelewa kumaliza kulipita lori ni zaidi ya mita 130 za pengo linalofungwa kati yenu. Premio ya 1.5 ikiwa na watu watano na mizigo inaweza kulipita lori, ila inahitaji barabara ndefu ya wazi na dereva mwenye subira. Camry inalifanya hilo kwa muda mfupi, kwa sababu mota ya umeme inasukuma papo hapo ukikanyaga. Nguvu hizo ni akiba ya usalama. Ukizigeuza mashindano, zinakuwa hatari mara mbili, na tochi za trafiki kwenye vibao vya 50 hazitakuacha.

Tafuta sehemu salama ya wazi, ukiwa na gari lililojaa, ukanyage kutoka 50 hadi 80. Utasikia injini ikipanda sauti na kubaki juu pasipo kubadilisha gia. Usishtuke; ndivyo mfumo wa haibridi wa Toyota unavyofanya kazi, na hauna mkanda wa gia wa kukatika kama ule wa gia za CVT za kawaida. Unachopaswa kukikataa ni mtetemo, kuchelewa kuitika, au taa ya onyo kuwaka kwenye dashibodi.

Breki. Kwenye mwendo mdogo, barabara ikiwa tupu nyuma yako, achia usukani kidogo tu na ufunge breki taratibu. Gari lisivute upande. Kwenye haibridi mguso wa breki huwa tofauti kidogo mwanzoni kwa sababu mota inageuza mwendo kuwa umeme kabla ya pedi kushika. Faida yake ni kwamba pedi hudumu zaidi. Ila kila mtu wa nyumbani atakayeendesha ajizoeze kabla ya safari.

Mafuta: usiulize, pima

Katika vipimo vya Japan, Camry ya daraja la chini iliandikiwa kilomita 33.4 kwa lita. Vipimo hivyo hufanyika maabara, kwa mwendo uliopangwa. Usinunue gari kwa namba hiyo, na usinunue kwa neno la muuzaji.

Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, sifurisha kipima safari, tembea wiki nzima kama kawaida yako, kisha rudi pampu ile ile ujaze tena mpaka ikate. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Kilomita 240 kwa lita 15 ni 16 kwa lita. Hiyo ndiyo namba yako. Kama bado hujanunua, mtafute mwenye gari kama hilo umwombe afanye hivyo kwa niaba yako.

Elewa pia haibridi inaokoa wapi. Kwenye foleni ya Ubungo au Tazara, gari la kawaida linachoma petroli likiwa limesimama, na kila ukifunga breki unapoteza nguvu kama joto. Haibridi inajizima, inasogea kwa umeme, na breki inarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Kwenye barabara ndefu ya mwendo mmoja faida hiyo inapungua. Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi mjini. Gari la kilomita 9 kwa lita litakula lita 111. La kilomita 16 litakula lita 62 na nusu. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya petroli ya mwezi huu, halafu ilinganishe na pesa unayoongeza kununua haibridi. Kama safari zako nyingi ni za mkoani na mjini huonekani sana, hesabu inaweza kukuambia uchukue gari la kawaida.

Vifaa: chagua vitakavyokufaa

Orodha ya vifaa ni ndefu na muuzaji ataisoma yote. Vigawe mafungu mawili.

La kwanza ni vile vinavyookoa maisha: mifuko ya hewa, breki zisizonata, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, na breki inayojifunga yenyewe gari likiona hatari mbele. Camry ya kizazi hiki ilipata nyota 5 katika majaribio ya Euro NCAP mwaka 2019, na sehemu ya sifa hizo ilitokana na mfumo huo wa kuona mbele. Mfumo hutumia rada iliyo mbele ya gari na kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele. Kwa hiyo uliza kama kioo kimewahi kubadilishwa au bampa kugongwa. Kamera iliyowekwa vibaya huona vibaya. Ukiwasha gari, taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime; isipowaka kabisa, mtu ameichezea ili usijue.

La pili ni vile vinavyofurahisha. Onyo la kutoka kwenye mstari linahitaji mstari, na barabara zetu nyingi mistari imefutika. Ramani zilizomo ni za Japan. Redio za huko zimetengenezwa kwa masafa ya chini kuliko yetu, hivyo stesheni zako nyingi hazitashika mpaka uweke kifaa cha kubadilisha masafa au redio nyingine. Maandishi ya dashibodi huenda yakawa ya Kijapani, na hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu onyo usiloweza kulisoma ni sawa na kutoonywa. Uliza kabla ya kulipa kama lugha inabadilishika na kwa gharama gani, na aoneshe mbele yako.

Karatasi na fundi

Omba karatasi ya mnada wa Japan. Alama ya R au RA humaanisha gari liligongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, na namba inayofuata hupanda kadiri ubaya unavyozidi. Linganisha kilomita zilizoandikwa pale na zilizo kwenye dashibodi. Kwa ndugu zetu wa Kenya, kumbukeni pia sharti la gari kutozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza.

Kisha mlete fundi wako, si wa yadi, mwenye mashine ya kusoma betri ya haibridi. Aangalie tofauti ya volti kati ya vipande vyake. Zikitofautiana sana, betri imeanza kuchoka. Mwulize swali moja zaidi: injini hii utaiwekea oili gani? Injini ya Camry hii ilitengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-16. Fundi akijibu kwamba ataweka nzito ile ya kila gari, tafuta mwingine kabla hujatafuta gari.

Mkishamaliza yote, zima gari, lakini msishuke. Usiwaulize watu wako kama wamelipenda. Wakiona macho yako yanang'aa watasema ndiyo, kama mama yangu alivyonyamaza mpaka Korogwe. Geuka nyuma umuulize mkubwa wao, kwa upole, swali analoweza kulijibu kwa mwili wake: "Mama, hapo ulipo, utakaa mpaka Moshi?" Kisha subiri. Ukimwona anajisogeza kutafuta mkao kabla ya kukujibu, mshukuru muuzaji, rudisha funguo, na mwende yadi inayofuata.